Mama Mkwe Asinitangulie Angani

Jumapili, 4 Mei

Nimerudi hai. Kwa mara ya pili! Nimeruka kutoka kwenye ndege, nimeanguka, nimetua, na sasa niko mezani nakunywa chai kama mtu wa kawaida. Ila mimi si mtu wa kawaida. Mtu wa kawaida ameruka mara ngapi? Hajaruka.

Kweli, sikuruka peke yangu. Nilifungwa kifuani mwa mwalimu wa kuruka, kama mtoto kwenye mbeleko. Mwavuli ulikuwa mgongoni mwake, akili zilikuwa kichwani mwake, na kazi yangu ilikuwa kutokufa. Nimeifanya vizuri mara zote mbili. Kwa hiyo leo, kabla hata sijavua miwani, nikamwambia nataka kuanza kozi ya cheti, ile ya kujifunza kuruka mwenyewe na mwavuli wangu mwenyewe. Darasa linaanza Jumamosi. Nisubiri nini? Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Mwalimu huyu namwita Taratibu. Hana haraka na lolote, hata akiwa anaanguka. Alikunja mwavuli wake kwanza, akamaliza, ndipo akanijibu. Alisema kila mtu ana wakati wake wa kuanza. Wapo wanaoanza baada ya kuruka naye mara moja, wapo wanaohitaji mara nyingi, wala si aibu. Aliye tayari, alisema, ni yule ambaye akiwa hewani anajua anachofanya. Anatazama kipimo cha urefu mkononi, analaza mwili inavyotakiwa, na akishatua anakumbuka yote. Akaniuliza mimi nakumbuka nini. Nikasema yote. Akaniuliza kipimo kilionyesha nini. Nikasema kilionyesha kwamba tuko juu.

Halafu akataja mguu.

Nieleze vizuri hapa, maana jambo lenyewe ni la kitaalamu. Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari. Nakaa kiti cha pembeni, ambako magari ya shule yetu yana breki ya pili kwa ajili ya mwalimu. Mwaka nenda mwaka rudi mguu wangu wa kulia umeishi juu ya breki hiyo. Unakanyaga wenyewe. Nikipanda basi, unakanyaga. Nikikaa kwa kinyozi, unakanyaga. Mke wangu anasema unakanyaga hata usingizini, na shuka letu limetoboka upande wa chini. Sasa, ukiruka kutoka kwenye ndege unatakiwa kulala kifudifudi, tumbo mbele, miguu yote miwili imekunjwa nyuma sawasawa. Wangu wa kulia unanyooka. Unatafuta breki. Na mguu mmoja ukinyooka, mwili unazunguka. Taratibu anasema mara zote mbili tumeshuka kama feni.

Hukumu yake: mguu utulie kwanza. Jumamosi niruke naye tena, aangalie, ndipo tuzungumze habari za cheti.

Hayo ningeyavumilia. Lakini hapohapo akageuka, akamwambia mama mkwe kwamba yeye yuko tayari.

Mama mkwe! Mkunga mstaafu, mwenye goti linalotabiri mvua! Mara ya kwanza alikuja kutushikia mikoba tu. Mke wangu ndiye aliyenipa zawadi ya kuruka, kwa sababu nilikuwa nimejigamba mezani na yeye akaamua kuniamini. Mama mkwe akauliza kama kuna nafasi ya mtu mwingine. Ikawepo. Leo, mlango wa ndege ulipofunguliwa, nikaanza kupiga kelele kidogo. Yeye akanishika mkono, akaniambia nipumue kwa kinywa, nisisukume bado. Rubani alicheka mpaka ndege ikayumba.

Miaka yote ya ndoa yangu mama huyu hajawahi kuniambia kama nafaa au sifai. Siku nilipokwenda kuposa alinitazama, akasema haya, akachukua mkoba wake akaenda kuzalisha. Neno hilo moja ndilo nimeishi nalo. Lakini nikipata cheti kabla yake, atake asitake, ataongeza la pili. Kwa hiyo ni lazima nimtangulie. Hakuna mjadala.

Jumatatu, 5 Mei

Mpango wa kwanza: kumchelewesha mpinzani.

Nimempigia shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu. Ni fundi wa lifti, na hakuna mtu mwoga kama yeye. Ndiye aliyemfungia mama yake vishikio vya chuma bafuni, kwenye ngazi na hata kando ya jiko. Nikajua tu, huyu akisikia mama anataka kuruka peke yake, atapiga marufuku kabla sijamaliza sentensi. Nikajitia huzuni sauti nzima. Nikamwambia mimi kama mkwe sina la kusema, ila moyo hauniruhusu kunyamaza.

Akauliza kama mama anatoka mlangoni mwenyewe au anasukumwa. Nikasema anatoka mwenyewe. Akauliza kama kwa kichwa au kwa miguu. Nikasema kwa furaha.

Akaanza kulia. Nikafikiri kazi imekwisha! Kumbe analia kwa fahari. Alisema tangu baba yao afariki, mama hajaomba kitu chochote kwa ajili yake mwenyewe, na kwamba ananishukuru sana kwa kumwonyesha njia. Jioni akaja na zawadi: glavu, miwani ya upepo, na viatu vyenye soli nene, vyote vya mama. Kwangu alileta pole. Mke wangu alikuwa ameshamsimulia kuhusu mguu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sawa. Lakini kisima si kirefu.

Jumanne, 6 Mei

Mpango wa pili: mazoezi ya siri.

Nimesubiri mke wangu atoke. Nikachukua stuli ya jikoni, nikalala juu yake kifudifudi, tumbo katikati, mikono hewani. Miguu nikaifunga pamoja kwa tai yangu ya harusi, ili huo wa kulia ukitaka kuondoka uombe ruhusa kwa wa kushoto. Mambo yakaenda vizuri. Nilikuwa nimefumba macho, niko mawinguni kabisa, nasikia upepo. Upepo ulikuwa wa mlango. Mama mkwe ameingia.

Anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu na hupiga hodi akiwa tayari ndani. Nilifanya nini? Nikamwamkia shikamoo kutoka hapohapo juu ya stuli. Akaitikia marahaba, akaweka mkoba chini. Mimi mwanaume mzima, mkwe wa watu, nimevaa fulana iliyopanda hadi kifuani, nimefungwa tai miguuni! Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakucheka. Ndilo lililoniuma. Alinizunguka kama anayekagua kitanda cha wodi. Akaniinua kidevu kwa vidole viwili, akanibonyeza kiuno kidogo, akasema sasa ndiyo. Akasema tatizo haliko kwenye mguu, liko kichwani, na kwamba katika kazi yake ameona mara nyingi kuwa kichwa kikielekea vizuri vingine vyote hufuata. Nikamshukuru. Akachukua chumvi aliyoifuata, akaenda zake.

Fundo halikufunguka. Nikajivuta, stuli ikaenda huku, mimi kule, na mkono wangu ukakumba sahani ya dirishani. Mke wangu hutengeneza meno ya bandia, na sahani hiyo ilikuwa na meno ya juu ya mzee mmoja, yanakauka. Yalikuwa yanakauka.

Mke wangu hakugomba. Aliokota jino moja moja, akaniuliza kwa upole kama niko tayari kwenda kumtafunia yule mzee mpaka Ijumaa. Nimesema nitafikiria.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimegundua chanzo. Mguu unakanyaga breki kwa sababu naupa breki! Dawa ya moto ni moto. Nifundishe siku nzima bila kukanyaga hata mara moja, nao utasahau.

Mwanafunzi wa asubuhi alikuwa mwoka mikate, mtu mpole, anayekamata usukani kama anakanda unga. Nikaukunja mguu nikaukalia. Nikamwambia leo yeye ndiye mwenye gari, mimi abiria tu. Macho yakamng'aa. Tukatoka vizuri, tukapita sokoni vizuri, tukageuza vizuri. Mimi jasho linanitoka lakini mguu umetulia. Raha iliyoje! Nikafumba macho nionje kidogo hali ya kuanguka.

Kufumba macho ndiko kulikoharibu. Tulikuwa tunarudi getini mwa shule. Mwoka mikate alipita getini sawasawa, akanyoosha, akaendelea kunyoosha, akapanda bustani na kulala juu ya ubao wa shule unaosema usalama kwanza. Hakuna aliyeumia. Ubao umelala chali. Mwoka mikate alishuka akitabasamu, akauliza kama amefaulu, kwa sababu ni mara ya kwanza hajakatishwa njiani.

Bosi wetu, tunayemwita Bimkubwa, alitoka na kikombe mkononi. Aliutazama ubao, akanitazama mimi, akanitazama nilivyoukalia mguu. Akasema kuanzia kesho nifundishe alama za barabarani darasani, kwenye kiti kisicho na magurudumu, hadi nitakapokumbuka nimeajiriwa kufanya nini.

Nikasema hewala! Sikuonyesha furaha, lakini hebu fikiria: mguu umepewa likizo. Wasioona mbali watasema nimeadhibiwa.

Ijumaa, 9 Mei

Kesho ndiyo siku. Nimekwenda chooni mara nne. Si woga. Ni maharage.

Mke wangu amekaa nami kwenye kochi baada ya chakula, mikono ina chembe za plasta, maana amemaliza meno ya yule mzee kwa mara ya pili. Akauinua mguu wangu wa kulia akaupakata. Akaniuliza haraka yote hii ni ya nini. Nikamwambia maisha ni mafupi. Akasema nikianza kabla ya wakati yanaweza kuwa mafupi zaidi. Kwenye televisheni kulikuwa na tamthilia, gari likakaribia mtoto, na mguu ukakanyaga mkono wake kwa nguvu zote. Akacheka mpaka machozi. Akasema yeye mguu huu anaupenda ulivyo, maana ndio umewarudisha watu wengi nyumbani salama.

Nampenda mke wangu. Niandike hapa, maana mdomoni hunikwama.

Ndipo akanipa ujumbe. Mama yake ametuma kusema kwamba, kama mimi sitaanza kesho, basi na yeye angoje darasa linalofuata, tuanze pamoja. Hana haraka.

Nilisimama! Nimeona ujanja mwingi lakini si wa namna hii. Anataka aonekane ndiye mwenye moyo mkubwa! Nikamwambia mke wangu amjibu mama kwamba mimi si mtu wa kusubiriwa, aanze kesho kwa amani, na baraka zangu zote ziko naye. Nikatembea sebuleni kiungwana kabisa. Mke wangu akapiga simu, akamwambia hivyohivyo.

Baadaye, mswaki ukiwa mdomoni, nikakumbuka kwamba Jumatatu nzima nilikuwa nikitafuta njia ya kumchelewesha. Leo ameniletea njia hiyo mwenyewe, bure, mpaka kwenye kochi, nami nimeirudisha na baraka juu yake.

Jumamosi, 10 Mei

Niende kwa utaratibu.

Asubuhi mama mkwe aliingia darasani na wanafunzi wenzake, wote vijana. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, chini ya dirisha, nikisikiliza bila kusikiliza. Walifundishwa la kufanya mwavuli ukikataa. Nikahama benchi.

Alasiri tukapanda ndege moja. Yeye na walimu wake wawili, wa kumshika kulia na kushoto mpaka atakapofungua mwavuli. Baada ya hapo ni yeye na Mungu, na sauti ya mwalimu kwenye redio ya sikioni. Mimi nilikuwa nimefungwa kwa Taratibu kama kawaida. Mama mkwe alikuwa mbele yangu, amevaa glavu za mwanawe. Nywele zake nyeupe zimetokeza kwenye kofia. Nikagundua kitu ambacho sikukitarajia. Sikutaka aende.

Sikutaka kabisa! Mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia na kelele zake, nikamshika mkono wa nguo. Akageuka, akaniambia nipumue. Akanitoa vidole kimoja kimoja, kwa upole, kama aliyezoea kushikwa na watu wanaoogopa. Kisha akatoka mlangoni kama anayeshuka ngazi kwenda dukani.

Hapo nikasahau yote. Nikasahau cheti, mashindano, stuli. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba mke wangu yuko chini kwenye uzio anaangalia juu, na mama yake yuko hewani, na mwavuli haujafunguka. Nikampigia Taratibu kelele twende, twende, twende! Alishangaa. Ndani ya ndege huwa nasema subiri.

Tukaanguka. Macho nimeyafumbua, mara ya kwanza. Sikujua kwamba huko juu kuna mwanga namna ile. Nilimtafuta. Nikawaona watatu mbali chini yetu, wadogo. Nikatazama kipimo mkononi, nijue bado ana nafasi kiasi gani. Nikatazama tena. Mwavuli wa manjano ukafunguka, mkubwa, mzima, mzuri, nikapiga ukelele wa mama! Si mama mkwe. Mama. Machozi yakajaa kwenye miwani. Taratibu akanigusa bega, nikavuta mshikio wetu kwa wakati wake, na hata hilo nimelikumbuka baadaye tu.

Yeye alitua vizuri, kwa miguu yote miwili, vijana wakapiga makofi. Kisha furaha ikamzidi. Akakimbia kama msichana kuja kunipokea, akaingiza mguu kwenye shimo la panya. Kifundo kikateguka. Karuka kutoka mawinguni salama, ameangushwa na panya!

Nikambeba mgongoni. Mkwe habebwi, najua. Alikataa, nikachuchumaa, akapanda. Uwanja ni mrefu na jua lilikuwa kali. Njiani akanisemesha sikioni. Alisema siku nilipokuja kuposa niliogopa mpaka kikombe kikawa kinagongana na kisahani, lakini nilikunywa chai yote mpaka mwisho, na ndipo akajua nitamfaa binti yake. Alisema yeye hana woga, alizaliwa hivyo, kwa hiyo akiruka haina sifa yoyote. Lakini mtu anayeogopa kama mimi na bado akapanda ndege mara tatu, huyo ndiye anayemheshimu. Akasema nianze wakati wangu ukifika, si kwa ajili yake.

Nikaongeza mwendo. Macho nikayafuta begani. Nadhani ni vumbi. Na yeye nadhani ni maumivu yalimchanganya, maana si kawaida yake kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

Tulipofika kwenye uzio mke wangu alikuwa analia na kucheka pamoja. Taratibu akaja nyuma yetu, hana haraka, akasema kuna jambo. Mguu wangu wa kulia haukunyooka hata mara moja, tangu mlangoni hadi mwavuli. Tulishuka tumenyooka kabisa. Akauliza nilikuwa nafikiria nini huko juu. Nikamwambia ni stuli. Mazoezi ya stuli yamezaa matunda.

Jumapili, 11 Mei

Mama mkwe yuko kwenye kochi letu, mguu juu ya mto, kitambaa cha maji baridi kwenye kifundo. Daktari amesema asiruke kwa wiki kadhaa. Nimembadilishia kitambaa kila kilipopata joto. Nimemletea chai, nimemwongezea mto wa pili. Namhurumia kweli, kwa moyo wangu wote.

Hata hivyo, wiki kadhaa ni wiki kadhaa.

Nilipoenda jikoni kuchemsha maji nikampigia Taratibu. Nikamwambia niko tayari, anipe nafasi darasa la Jumamosi ijayo. Akasema nisubiri kwanza amalize chai yake. Halafu akasema nafasi yangu ipo. Mama mkwe ndiye aliyeniwekea, jana kabla ya kupanda ndege, kwa sharti kwamba nisiambiwe mpaka mguu utakapotulia wenyewe. Na ameomba, akipona, tuwe tunaruka siku moja, mimi na yeye.

Nikaelewa mara moja. Ujanja wa mkunga! Anataka awe karibu, aone mbinu zangu. Mke wangu, niliyemweleza hayo kwa kunong'ona, alinibusu kwenye paji la uso, akarudi kwenye meno yake.

Basi mpango mpya ni huu. Yeye ameruka peke yake mara moja, mimi bado. Lakini yeye anachechemea. Nikianza Jumamosi na kuruka mfululizo, kabla kifundo hakijapona nitakuwa nimempita. Nikamshauri, kwa upendo mkubwa, apumzike mwezi mzima, hata miwili, mifupa ya mtu mzima haitaki pupa. Akanishukuru. Akasema atapumzika, ila Jumamosi lazima aje uwanjani na kiti chake, akae anitazame nikiruka, maana hawezi kuikosa siku yangu.

Hapana! Hapo hasa ndipo napaswa kumzidi. Jumamosi nitadamka, nitafika uwanjani kabla yake, na atakapoingia atanikuta nimeshavaa mwavuli. Kuna tatizo moja dogo, nalo nitalitafutia dawa kesho. Tunakwenda kwa gari moja, na mimi ndiye dereva.